Nyama choma ya mnadani Msalato: ukiagiza "mbuzi mzima" utaletewa nini?

Jumamosi asubuhi barabara ya Dodoma kwenda Kondoa na Babati inajaa malori ya mifugo, bajaji na bodaboda zenye mbuzi aliyefungwa nyuma ya dereva. Safari ni moja, Msalato, kilomita kumi na kitu kaskazini mwa katikati ya jiji. Kwenye kamusi, mnada ni kuuza kwa kushindania bei. Kwa mkazi wa Dodoma, mnada ni siku yenyewe, uwanja wenyewe, mitumba, ndoo za plastiki, na zaidi ya vyote ni nyama. Mtu akikwambia "Jumamosi twende mnadani", mara nyingi hana hata wazo la kununua ng'ombe. Anakualika kula.

Tuanze na hukumu. Nyama ni nzuri. Mnyama amekulia kwenye majani na vichaka vya nyanda kavu, ametembea sana, hana mafuta ya kupachikwa, na ladha yake haihitaji viungo zaidi ya chumvi na ndimu. Huduma ni ya kusuasua. Bei inazungumzika. Lakini kinachoharibu siku za watu pale ni lugha. Muuzaji anasema neno moja, mteja anasikia maana nyingine, wote wawili Waswahili wazuri tu, na bili ikija kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Kwa hiyo tathmini hii inafuata maneno, kwa mpangilio utakaokutana nayo.

La kwanza ni "kilo". Bandani kilo ni ya nyama mbichi yenye mfupa. Inapimwa kabla ya kwenda kwenye wavu. Mgeni anaposikia "kilo mbili" anawaza sinia litakalotua mezani, na hapo hesabu inaachana. Moto unakula kati ya robo na theluthi ya uzito, maana maji yanakauka na mafuta yanadondoka. Kilo 2 mbichi za mbuzi zinarudi mezani zikiwa kama kilo 1.4, na humo mfupa una karibu nusu kilo. Nyama ya kutafuna inabaki gramu 900 hivi. Kwa watu wanne, pamoja na ndizi na ugali, inatosha bila fujo. Kwa watu sita wenye njaa ya mchana, agiza kilo 3 na nusu mapema, kwa sababu ukiongeza baadaye utasubiri saa nzima tena.

Ndani ya kilo kuna mtego mwingine: "bei ya nyama". Kuna mabanda ambayo bei hiyo inajumuisha kuchomewa, chumvi, ndimu na kachumbari. Kuna mengine ambayo bei ni ya bucha, na mchoma nyama ana malipo yake pembeni. Wote watakujibu kwa sentensi ileile, "kilo ni shilingi kadhaa". Swali linalofungua ukweli ni fupi: "Hiyo ni mpaka mezani?" Akisema ndiyo, muulize ndizi zimo au hazimo. Ndizi za kuchoma ndizo huzalisha mistari isiyotarajiwa kwenye bili.

Mzani unaotumika sana ni ule wa kuning'inia wenye ndoano, au wa mezani wenye sahani. Tafuta stika ya Wakala wa Vipimo, usome na mwaka wake. Kisha angalia mshale kabla nyama haijapandishwa. Usipokaa kwenye sifuri, mwambie muuzaji aurekebishe. Hilo halimkasirishi mtu mwaminifu. Na kama una wasiwasi, jiwe la kupimia unalo mkononi: chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo haijafunguliwa ina uzito wa kilo 1.5 na gramu chache za plastiki. Itundike. Mzani ukisema kilo 1.8, umeshajua kila kilo utakayonunua pale ina pengo. (Wapenda mashairi wana mizani yao, ile ya kuhesabu silabi za mshororo. Ile haina ndoano na haijawahi kupunja mtu.)

Sasa "mbuzi mzima". Katika neno "mzima" kuna maana nne, na Msalato ni mahali pekee ambapo zote nne zimesimama ndani ya mita mia moja. Mzima ni asiyekatwa, mwili wote. Mzima ni aliye hai. Mzima ni asiye mgonjwa. Mzima ni aliyekomaa, asiye mtoto. Ukisimama upande wa mifugo ukasema "nataka mbuzi mzima", dalali atakuonyesha mbuzi anayepumua, na bei atakayokutajia ni ya mnyama akiwa na kwato, ngozi na kinyesi tumboni. Ukisema maneno hayohayo bandani, mchoma nyama anaelewa kiwiliwili kilichochunwa, kisicho na kichwa wala utumbo. Tofauti ya bei ni kubwa, na tofauti ya nyama ni kubwa zaidi.

Hesabu yake iko hivi. Mbuzi wetu wa asili wa ukanda huu ni wadogo. Aliyekomaa huwa na kilo 20 hadi 30. Chukua wa kilo 25. Akichinjwa na kuchunwa, akatolewa kichwa, miguu, ngozi na vya ndani, kiwiliwili kinabaki karibu kilo 11. Kikichomwa chote kinatoka na kilo 7 na kitu, mifupa ikiwemo. Hicho kinalisha watu 15 vizuri, 20 kama kuna ugali wa kutosha na watoto wamo. Mwenye sherehe ya watu 40 aliyeagiza "mbuzi mzima mmoja, mkubwa" atajikuta anaongeza kuku dakika za mwisho.

Ukinunua aliye hai halafu ukampeleka achinjwe, maliza mambo matatu kwa maneno kamili kabla kisu hakijatoka. Kwanza, kichwa, miguu na utumbo ni vya nani? Mahali pengi mchinjaji huvihesabu kuwa ujira wake usipotaja, na vyote vitatu ni supu ya watu wanane. Pili, ngozi inabaki au inaondoka? Tatu, nani anamwita mkaguzi wa nyama? Nyama iliyokaguliwa inagongwa muhuri, na muhuri huo uuone kwenye kiwiliwili kabla hakijakatwakatwa, kwa kuwa baada ya hapo kila kipande kinajidai kilikuwa chini ya muhuri. Ukitaka aliyekwishaandaliwa, sentensi isiyo na mlango wa pili ni hii: "Anko, nataka kiwiliwili cha mbuzi, kilichochunwa, nipimie kwa kilo." Neno "mzima" liache lilale.

Kuhusu umri na jinsia, neno la kuangalia ni "beberu". Ndani ya jiji la Bunge neno hilo lina kazi nyingine kabisa, na mabeberu wa kwenye hotuba hawachomwi. Wa mnadani ni dume asiyehasiwa, na nyama yake ina harufu kali inayoingia hadi kwenye mafuta. Ndimu haiitoi. Kuna wanaoipenda, ila wengi wakiletewa bila kuambiwa wanasema nyama imeharibika. Omba jike ambaye hajazaa mara nyingi, au maksai, yaani dume aliyehasiwa. Huyo ndiye mwenye mafuta ya wastani na harufu ya upole. Kwa mbuzi aliye hai, ukaguzi ni wa macho. Kwa kiwiliwili, nusa karibu na shingo.

"Laini" nalo. Pale mnadani utalisikia likitangazwa kwa kipaza sauti, na anayelitangaza anauza laini za simu. Ukimuuliza mchoma nyama kama nyama ni laini, atakujibu ndiyo, hajawahi kutokea aliyejibu hapana. Muulize badala yake mnyama alichinjwa saa ngapi. Aliyechinjwa alfajiri akapandishwa kwenye wavu saa nne bado misuli imekakamaa, na hakuna moto wa kulainisha hilo. Aliyechinjwa jana jioni, akaning'inizwa mahali penye hewa ya usiku ya Dodoma, ameshaanza kulegea. Tofauti utaisikia mdomoni. Wanaofika saa nane mchana wanakula vizuri kuliko wanaofika saa nne, japo hao wa saa nne ndio wanaopata mbavu.

Kwenye viungo vya mnyama, kuwa mwangalifu na "mguu". Mteja akisema mguu anawaza paja la nyuma lenye nyama nene. Mchoma nyama mwenye mkono mwepesi atakata mguu wa mbele, ambao kwa lugha ya bucha ni "mkono", una mfupa mwingi na nyama chache ingawa tamu. Sema "paja" ukitaka paja. Mbavu ni mbavu, hazina ubishi. Kwa ng'ombe, ulizia nundu, ile ya mgongoni. Ni mafuta yaliyosukwa na nyama, ikichomwa taratibu inatosha robo kilo kwa watu watatu maana inakinaisha haraka.

Baada ya mzani utaulizwa, "Nikate?" Jibu la haraka la "kata" linakugharimu. Mchoma nyama anaelewa kukata vipande vidogo vya kutafuna kabla ya kuchoma, maana vinaiva upesi naye anapata nafasi kwenye wavu. Vipande vidogo vinapoteza maji mengi zaidi, vinakauka, na ni rahisi viwili vitatu kuhamia sinia la jirani. Mwambie: "Choma kikiwa kizima, utakikatia mezani." Paja zima la kilo 1.5 linahitaji dakika 50 hadi saa moja, mbavu dakika 30 hadi 40. Moto uwe wa makaa yaliyoshika majivu meupe, pasiwe na ulimi wa moto. Wavu ukikaribia sana makaa, mafuta yanadondoka, moto unalipuka, nyama inakuwa nyeusi nje na nyekundu kwenye mfupa. Ndipo "imeiva" inapokuwa neno la mjadala. Kwa mchoma nyama mwenye foleni, kuiva ni rangi ya nje. Kwako iwe hivi: kisu kichomekwe hadi karibu na mfupa, kikitoka majimaji yawe meupe. Yakiwa mekundu, inarudi. Chumvi inyunyizwe ikikaribia kuiva; wanaomwagia maji ya chumvi tangu mwanzo wanaifanya itoe maji na kuchemka badala ya kuchomeka.

"Kavu" ni neno lenye watumiaji wengi pale. Nyama kavu ni iliyochomwa bila mchuzi, tofauti na rosti; lakini kuna wanaolitumia kumaanisha iliyokaushwa sana motoni, kwa hiyo ukisema "nipe kavu" unaweza kuletewa ngozi ya kiatu. Chipsi kavu ni chipsi zisizo na mayai. Zenye mayai ni zege, na hapana, si lile la fundi ujenzi, ingawa zege la saa kumi jioni linakaribia. Na mvinyo mkavu, kwa kuwa tupo kwenye mkoa wa zabibu, una maji kama mwingine wowote. Ukavu wake ni kukosa sukari. Anayeonja mvinyo wa Dodoma kwa mara ya kwanza akaomba mkavu akitarajia utamu wa zabibu za sokoni atakunja uso. Mtamu ndio uagizwe na nundu, mkavu na mbuzi. Hayo ni maoni yetu.

Maneno yanayohitaji uangalifu wa dhati ni ya nguruwe, kwa sababu hapo kosa haliishii kwenye pesa. Hakuna anayemwita nguruwe kwa jina lake. Ni "kitimoto", ni "mdudu", ni "mbuzi katoliki". La mwisho hilo limewaponza wageni waliosikia "mbuzi" wakaishia hapo. La kwanza lina maisha mengine mjini, ambako waziri huwekwa kiti moto na wabunge bila kuchomwa wala kukaangwa. Mabanda ya kitimoto kwa kawaida hujitenga, ila visu, mbao na wahudumu wanaweza kuzunguka. Kama dini yako au tumbo lako halimtaki, usiulize tu "ni mbuzi?" Uliza, "Bandani hapa mnachoma na kitimoto?" Na kama unamtaka, usikubali aletwe kwa haraka ya mbuzi. Nyama ya nguruwe inaweza kubeba mabuu ya tegu, vijifuko vyeupe vyenye umbo la punje ya mchele ndani ya misuli. Vikionekana kwenye nyama mbichi, ondoka. Visipoonekana, vipande viwe vidogo, viive hadi ndani pasiwe na uwaridi wowote. Hapa kanuni ya kuchoma kipande kizima haifai.

Supu inastahili sifa. Asubuhi, kabla ya saa nne, ndiyo bora kuliko chochote pale. Ila "supu" peke yake si agizo. Utaulizwa ya nini, na majibu ni kongoro, kichwa, utumbo au nyama, kila moja na bei yake. Mchuzi huongezwa ukiomba, nyama haiongezwi. Chapati hesabu mwenyewe. Kuku wa kienyeji tungemruka. Hajachemshwa vya kutosha mara nyingi, na "kienyeji" siku hizi linajumuisha na chotara. Miguu ya kienyeji halisi ni myembamba na migumu, na mfupa wake hauvunjiki kwa meno.

Ugali, kinyume chake, usiupuuze. Ukikuta wa uwele au mtama na mlenda, agiza. Wagogo wanajua walichokifanya walipouoanisha: ugali mzito, wa kijivu, na mlenda wenye karanga unaoteleza, vinaisindikiza nyama kavu vizuri kuliko chipsi. Ukisema "ugali" tu utaletewa sembe.

Vinywaji vina "moto" na "baridi". Mhudumu akiuliza soda ya moto au ya baridi, hakuna aliyeichemsha. Ya moto ni ile isiyotoka kwenye friji. Kwa jua la Msalato wakati wa mchana, maana hizo mbili zinakaribia kukutana. Barafu ikiisha, na huisha, kila kitu ni cha moto. Waombe walete vinywaji kimoja kimoja, usikubali kreti mezani, kwani chupa za mwanzo zitakuwa baridi na za mwisho zitakuwa za kuogea.

Kwenye muda, "bado kidogo" inamaanisha nyama ndiyo kwanza imewekwa. "Inakuja" inamaanisha iko kwenye wavu. "Inakatwa" ndilo jibu la kuaminika. Hapo nawa mikono. Maji ya kunawa yapo, sabuni si kila banda, kwa hiyo beba ya kwako.

Wakati wa kulipa, omba hesabu itajwe kwa kitu kimoja kimoja: kilo ngapi, ndizi ngapi, vinywaji vingapi, na omba risiti. "Nusu" nayo isikupite. Nusu ya mbuzi ni nusu kilo, nusu ya kuku ni nusu ya ndege mzima, na bei zao hazifanani. Waliopeana oda kwa kelele za muziki ndio wanaokuta nusu tatu wasizozijua. Andika oda kwenye simu, mwonyeshe mhudumu, naye atakuheshimu zaidi.

Kinachobaki kifungie kwenye foili au mfuko safi, ukile ndani ya saa mbili au ukiingize kwenye friji. Kurudi mjini daladala hujaa kuanzia saa kumi na moja, na bodaboda watakuambia "twende mishikaki", abiria wawili nyuma ya dereva. Hiyo si ya kuliwa na sheria hairuhusu. Lipa boda mbili, au gawaneni bajaji.